Matairi Mapana ya Babu Yake Kidoti

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya mshtuko.

Binti yangu alipita asubuhi akielekea zahanati, amevaa sare yake ya uuguzi. Hakuketi. Alisema kuanzia wiki ijayo zamu yake inabadilika na hataweza tena kumchukua Kidoti shuleni mchana. Mumewe yuko safarini na lori, kama kawaida. Kwa hiyo babu mmoja atapewa kazi ya kumpakia mtoto kwenye baiskeli, kutoka lango la chekechea hadi nyumbani kwao nyuma ya machimbo ya mawe.

Babu mmoja! Nikainuka kushukuru. Tangu binti aolewe huko machimboni, mjukuu wangu ninamwona Jumapili tu, tena akiwa amechoka au amelala. Nyumba imekuwa kimya hata saa ya ukutani inanikera. Papo hapo nilianza kumsikia Kidoti nyuma yangu, akiuliza kwa nini mbuzi hana viatu.

Binti akaniambia nisiharakishe. Baba mkwe wake naye ameomba.

Kinyozi! Mtu aliyetumia maisha yake kuinamisha vichwa vya wenzake! Nilimwuliza binti kama kweli anamweka babake, msimamizi mstaafu wa ghala, kwenye mizani moja na mtu wa mikasi. Akajibu kwa upole kwamba mara ya mwisho nilipompakia Kidoti, mtoto alifika akilalamika kuwa macho yake yanaruka. Nusu ya kwanza ya njia ni lami, hiyo haina neno. Lakini kutoka darajani ni changarawe tupu, na huko ndiko alikotikiswa kama dawa ya kikohozi.

Basi Jumamosi tutashindanishwa. Kila babu atafunga trei ya mayai kwenye kiti cha mtoto na kuyaleta kutoka langoni hadi mlangoni kwa binti. Atakayefikisha mayai mazima zaidi ndiye atakayempakia Kidoti. Niliuliza kwa nini asiulizwe mtoto mwenyewe.

"Mtoto utamhonga pipi, Baba," akasema. "Yai halihongeki."

Mayai! Nimeshindwa kumaliza chai.

Jumanne, 4 Juni

Nimeikagua baiskeli. Matairi ni membamba, yamepata vipara, na nimeyajaza upepo mpaka yanalia ukiyagonga kwa ukucha. Ndivyo nilivyofundishwa: tairi gumu ni tairi lenye nidhamu. Mke wangu anasema nidhamu hiyo ndiyo inayomfanya anikande mgongo kila nikitoka sokoni. Hajui mambo ya baiskeli.

Nikapita kwa Kinyozi, kwa bahati niliyoipanga mwenyewe. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa kando ya kiti cha wateja. Nusura nianguke. Matairi mapya! Mapana! Meusi ti! Kumbe mwenzangu alianza matayarisho wakati mimi bado ninajipongeza.

Ilinibidi niujue upana wake. Vipimo vimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa tarakimu ndogo zilizoinuka, na mtu mwenye heshima zake hawezi kuinama mbele ya mpinzani na kusoma tairi. Kwa hiyo nikaketi kwenye kiti, nikaomba kunyolewa kidevu.

Kinyozi akanipaka povu. Akaniuliza habari za nyumbani, akaniita mkwe, akazungumzia bei ya sabuni, kama kwamba hakuna vita baina yetu. Mimi jicho moja lilikuwa kwenye tairi. Niliona moja. Nikavuta shingo. Nikaona kistari. Nikavuta shingo zaidi kidogo.

Nikamsikia Kinyozi akisema polepole, "Mkwe, umetikisika."

Nusu ya sharubu zangu ilikuwa begani. Sharubu nilizozifuga tangu nilipopandishwa cheo ghalani! Nusu iliyobaki ikabidi iondolewe ili uso ulingane. Alisikitika sana, mnafiki yule. Alikataa malipo, akasema pengine ni mazoea ya baiskeli yangu, kwamba mwili uliozoea kurushwarushwa haujui tena kutulia. Wateja waliokuwa kwenye benchi walitazama sakafu huku mabega yao yakicheka.

Hata hivyo siri nimeipata: inchi moja na robo tatu. Nilipobisha nyumbani, mke wangu alifungua mlango, akanitazama, akauliza ninamtafuta nani.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa fundi baiskeli. Mtu mnene, duka jembamba, na kila neno lake lazima lipite kwanza kwenye njugu.

Aliniuliza ninapita wapi na ninabeba nini. Nikamweleza: nusu lami, nusu changarawe, abiria mmoja wa thamani. Akanyoosha mkono, akashusha tairi kutoka kwenye kulabu bila hata kulitazama. Katikati ni laini, ili liende kimya kwenye lami. Kando lina meno mafupi, ili lisiteleze kwenye kokoto. Ndani limewekwa tabaka nene la kuzuia miiba na vipande vya chupa. Akasema kwa upana ule sina haja ya kulijaza upepo mpaka linune. Nilijaze kiasi cha kubonyea kidogo chini ya kidole gumba, nalo litayameza mawe badala ya kumrushia mtoto. Tena litadumu.

Nilikaribia kulipenda. Kwa tahadhari tu, nikauliza kama kuna mtu mwingine amelinunua hivi karibuni.

Ndiyo, akasema. Kinyozi. Jozi nzima.

Nikalirudisha mikononi mwake kama mtu aliyeshika kaa la moto. Nimfuate Kinyozi nyuma, na matairi ya Kinyozi, nikale vumbi la Kinyozi! Kisha akili ikanijia. Ikiwa tairi pana ni zuri, basi lililo pana zaidi ni zuri zaidi. Hesabu ya darasa la pili. Nikamtaka anipe pana kuliko yote yaliyomo dukani.

Fundi akaacha kutafuna. Akasema baiskeli yangu ni ya zamani na uma wake, pale gurudumu linaposhikwa, ni mwembamba. Kati ya tairi na fremu lazima kidole kipite, la sivyo iko siku nitajuta. Akaweka kidole chake pale ili nione. Kidole kama ndizi! Nilitambua mara moja kwamba yuko upande wa Kinyozi. Kichwa chake kimenyolewa vizuri mno.

Nikayaona juu kabisa, yamefunikwa na vumbi: matairi mawili yenye meno kama ya mamba.

"Hayo ni ya kupandia milima, mzee," akasema.

Nikamjibu kwamba ndiyo sababu ninayataka. Mfuko haukutosha, basi tukabadilishana: nimemwachia redio yetu. Akanionya kwamba kitu kikishatoka dukani kwake hakirudi. Nikamwambia mimi si mtu wa kurudisha vitu.

Jioni mke wangu aliuliza redio iko wapi. Nikamwambia iko kwa fundi. Kweli tupu.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi nzima tairi la kwanza lilikataa kuingia kwenye rimu. Nilitumia vijiko kulibanua. Vile vya wageni, maana vya kila siku ni laini. Sasa vijiko vya wageni vyote vinatazama nyuma. Nimevirudisha kabatini, chini kabisa ya uma.

Tairi likaingia. Gurudumu likakataa kuingia kwenye baiskeli. Madigadi yalikuwa yanazuia. Nikayang'oa. Gurudumu la nyuma nalo likawa linasugua fremu. Nikapunguza upepo mpaka likazunguka, kwa shida, kama mtu mnene anayepita kati ya viti vya mkutano. Nilijaribu kupitisha kidole. Hakikupita. Nikajaribu karatasi. Karatasi ilipita. Karatasi inatosha!

Kisha nikatoka kwa majaribio. Lo! Kwenye lami yale meno yanaunguruma. Mwenye duka la nguo alitoka nje akatazama mbinguni. Mbwa wa mtaa wa pili walinifuata, wa mtaa wa tatu walinikimbia. Na uzito! Kupiga pedali kulikuwa kama kumvuta ng'ombe aliyejua anapelekwa kuuzwa. Nilifika darajani shati limelowa chapachapa.

Lakini changarawe! Nilipoingia kwenye changarawe sikuamini. Godoro! Sikusikia jiwe hata moja. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, na mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo akaivuka barabara.

Nikapita kwenye dimbwi. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya madigadi. Nilifika nyumbani na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni. Jirani alinipa pole, akauliza nimegongwa na nini. Nikashtuka sana nilipowaza kwamba mahali lile tope linaporukia ndipo Kidoti atakapoketi. Kisha nikatulia. Jumamosi sibebi Kidoti, ninabeba mayai. Mayai hayana nguo za shule.

Mke wangu alinitazama nikihema mlangoni. Akauliza kama baiskeli nimeipanda au nimeibeba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamka na wazo zuri mpaka likanitisha.

Changarawe ninaimudu. Wasiwasi wangu ni ajali ndogondogo. Binti alisema yai halihongeki. Nimelifikiria neno hilo kwa makini na nimegundua kwamba yai linahongeka vizuri sana, ukilitia kwenye maji ya moto. Hakuna udanganyifu wowote. Yeye alisema mayai. Hakusema mabichi.

Mke wangu alipokwenda kumjulia hali dada yake, nilichemsha trei nzima kwenye sufuria la kufulia. Mengine yalipasuka humo humo jikoni. Huo ni ushahidi, na ushahidi hauachwi mezani, basi nikaula. Nikachemsha mengine kujaza nafasi. Nayo baadhi yakapasuka. Nimekula ushahidi mwingi kuliko tumbo langu linavyoruhusu. Ninaandika nikiwa nimelala ubavu.

Alasiri Kinyozi alikuja na zawadi. Kichana kidogo cha sharubu, zitakaporudi. Yaani alitembea njia yote hiyo ili kunicheka kwa adabu! Alinusa hewa, akauliza kama tunapika. Kisha macho yake yakaangukia matairi yangu. Akainama kuyatazama kwa karibu. Nilijua hofu imemwingia.

Akauliza kwa sauti ya chini kama kidole kinapita.

Kidole tena! Wamekutana na fundi, wamepanga maneno! Nikamwambia kwamba ghalani kwetu tulikuwa tukipima kwa rula. Akatikisa kichwa, akaniaga. Nimemwona akigeuka mara mbili kuitazama baiskeli.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie langoni.

Tulifika mapema. Shule imefungwa, yupo mlinzi peke yake, naye akajipa cheo cha mwamuzi bila kuombwa. Binti alikuwa pale na Kidoti, ambaye alinikumbatia mguu na kuuliza sharubu zangu zimekwenda wapi. Nikamwambia amwulize babu yake mwingine. Kinyozi akakohoa.

Tukaanza kufunga trei. Hapo binti akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wagonjwa kwamba sindano haiumi, kwamba tubadilishane. Kila mmoja abebe mayai ya mwenzake, ili kusije kukawa na maneno baadaye.

Damu ikanikauka! Nikapinga. Nilisema kila mtu anayajua mayai yake. Nilisema mayai yangu hayajazoea wageni. Binti akanitazama jinsi mama yake anavyonitazama. Tukabadilishana.

Fikiria! Mayai yangu, magumu kama gololi, kwenye kiti cha Kinyozi! Mayai yake mabichi, ya kuku wake mwenyewe, mgongoni kwangu!

Tukaondoka. Kinyozi aliteleza kwenye lami kimya kabisa, akipiga mluzi. Mimi nyuma nilinguruma kama kinu, nikihema. Binti na Kidoti walikuwa wametangulia kwa pikipiki ya mlinzi. Kufika darajani Kinyozi alikuwa doa tu mbele yangu.

Kisha changarawe. Na hapo, ninasema bila kujisifu, nilikuwa mfalme. Godoro lile lile! Nikamkaribia. Nikamwona akigeuka. Nikampita! Nilimpita Kinyozi kwenye kona ya machimbo, nikamwuliza kwa heshima kama anahitaji msaada.

Kijiwe. Kijiwe cha ukubwa wa harage. Kilinasa kati ya meno ya tairi la nyuma, kikazungushwa mpaka kwenye fremu, mahali pale ambapo karatasi tu ndiyo ilikuwa ikipita. Gurudumu likakwama mara moja. Baiskeli ilisimama. Mimi nilisimama. Mayai hayakusimama.

Trei nzima ilihamia mgongoni mwangu. Nilisikia baridi kisogoni, kisha ndani ya kola, kisha mahali ambapo sitapaandika. Kinyozi alishuka akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia aende zake. Hakwenda. Alisubiri nikichokonoa lile jiwe kwa ufunguo wa nyumba, kisha tukaenda sote kwa miguu, yeye mbele na mayai mazima, mimi nyuma nikidondoka.

Binti alipoona trei ya Kinyozi alipiga makofi. Hakuna lililopasuka, hata moja! Akamwambia baba mkwe wake kwamba kazi ni yake, na ili kumpongeza atamkaangia mayai hayo hayo. Nilijaribu kumzuia. Nilisema si vizuri kula washindani. Akachukua yai, akaligonga kwenye ukingo wa kikaango.

Halikumwagika.

Akagonga la pili. Akagonga la tatu kwa nguvu zaidi, likaviringika likaanguka sakafuni, likadunda. Ni Kidoti aliyeliokota.

"Mama," akasema, "jua ni kali. Mayai ya Babu yameiva njiani."

Binti hakumtazama Kidoti. Alinitazama mimi. Alisema neno moja tu, "Baba." Sijawahi kuitwa hivyo. Kinyozi akachukua yai, akalimenya taratibu mpaka likabaki jeupe, akaomba chumvi.

Jumapili, 9 Juni

Wote walikuja kwetu baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa amekwisha kuvikuta vijiko. Alikuwa pia amekwisha kuwaza kuhusu sufuria la kufulia, na kwa nini redio inakaa kwa fundi baiskeli. Hakuna aliyeinua sauti. Afadhali wangeinua.

Binti alisema mashindano yamebatilika, maana mayai yaliyochemshwa hayapimi kitu. Moyo wangu ukaruka. Basi tuko sawa kwa sawa! Nikafungua kinywa kulisema hilo. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Binti akaendelea. Alisema kwa kuwa mashindano yamebatilika, atamchagua yule asiyechemsha.

Nilitaka kusema jambo. Nilitaka kumwambia habari za saa ya ukutani, na kwamba mchana ndio mrefu zaidi, saa zile ambazo zamani yeye mwenyewe alikuwa akirudi kutoka shule na kunitupia mkoba. Nikasema chai imepoa.

Kinyozi alikuwa akiutazama mkono wake. Akasema yeye Jumanne na Alhamisi ana wateja wengi mchana, na miguu yake siyo ya zamani. Kama mkwe atakubali kushika siku hizo mbili, atakuwa amemwokoa. Ila kwa sharti kwamba mkwe aweke matairi ya kiungwana.

Nimepigwa na butwaa! Nimeutafuta mtego katika maneno hayo tangu saa tisa mpaka sasa. Sijauona. Wateja Jumanne! Kila mtu anajua kibanda chake hujaa wikendi. Lazima mtego upo.

Nimekubali, yaani nimenyamaza.

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi akiikokota baiskeli yangu, hakuniaga. Amerudi mchana ameipanda! Ina yale matairi ya kiasi, laini katikati, meno kando. Madigadi yamerudi mahali pake. Na kwenye keria, imefungwa kwa kamba, redio yetu!

Nilimwuliza amefanyaje, hali fundi alisema wazi kwamba kitu kikitoka hakirudi. Amemwambia nini? Amempa nini?

Amesema alimwomba.

Alimwomba! Basi! Nimekaa kwenye kiti muda mrefu nikilitafakari. Ni mbinu ambayo sikuwahi kuifikiria, na sioni jinsi inavyoweza kufanya kazi mara ya pili.

Alipokwenda jikoni nilitoka uani, nikapima kati ya tairi na uma. Kidole kinapita. Simwambii mtu.

Jumanne, 11 Juni

Nimempakia Kidoti.

Alitoka langoni amebeba mchoro wa nyumba isiyo na mlango. Nilimfunga mkanda wa kiti, nikaukagua, nikaukagua tena. Upepo nilikuwa nimeujaza kama fundi alivyosema, kiasi cha kubonyea chini ya kidole gumba. Ilinichoma rohoni, lakini nilifanya.

Kwenye lami hatukusikika. Nilidhani nimekuwa kiziwi. Kidoti aliniuliza kwa nini waya za umeme haziwaangukii ndege. Aliniuliza kama mimi niliwahi kuwa mdogo na nani aliniona. Nilijibu yote. Tulipofika darajani nilikaza mabega nikisubiri kelele za meno yetu kugongana. Changarawe ikaanza. Tairi lilikuwa likiyameza mawe, moja moja, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayetafuna mchele mkavu. Kwenye kona ya machimbo, pale kokoto zilipolala nyingi, yale meno ya kando yalishika na hatukuteleza hata unyayo.

Maswali yakakoma. Nikaogopa. Nikaita jina lake, hakujibu. Kisha nikahisi kichwa kimeegemea mgongo wangu, kizito, cha moto. Alikuwa amelala! Juu ya changarawe! Mtoto aliyesema nilimrusha macho!

Kuanzia hapo nilikwenda mwendo wa konokono. Lori la kokoto lilinipigia honi, sikujali. Nilizunguka kila shimo. Nilipita njia ndefu ya nyuma ya kisima, siyo kwa sababu ya barabara.

Binti alikuwa ametoroka zahanati kidogo ili aje kuhakikisha. Alisimama mlangoni, akamtazama mwanawe amelala na mate yake yakinichuruzikia shati. Akasema, "Ahsante, Baba." Sauti ya kawaida, ile ya zamani.

Nilisema tairi linataka upepo kidogo.

Jumatano, 12 Juni

Mshtuko! Mkubwa kuliko yote ya wiki hii!

Leo ni zamu ya Kinyozi. Nilikuwa nimesimama dukani, kwa bahati tu, kando ya barabara wanayopita, saa wanayopita. Wakatokea. Kidoti amekaa nyuma kama malkia. Na juu ya kiti chake, kimefungwa kwenye kijiti, kimwavuli! Kimwavuli chekundu chenye maua! Kidoti aliniona, akaniita, akanionyesha kwa kidole. "Babu, nina kivuli!"

Kivuli! Huu ndio ule mtego niliokuwa nikiutafuta. Anipe siku mbili, nijisahau na matairi, kisha anipige na kivuli! Kesho ni Alhamisi, ni zamu yangu, na mtoto atapanda kiti kisicho na chochote juu yake isipokuwa jua.

Nikaenda mbio kwa fundi. Akanionyesha kimwavuli kama kile cha Kinyozi, kidogo, kisichozidi mabega ya mtoto, kinachokunjika upepo ukija. Nikauliza kama ni aina ile ile. Akakiri ni ile ile. Nikaondoka bila kuaga.

Muuza vocha wa kwenye kona ana mwavuli wa biashara. Nguzo yake ni nene kama mkono wangu, na unafunika meza, viti viwili na wateja watatu. Ikiwa kivuli kidogo ni kizuri, kikubwa ni kizuri zaidi. Ameniazima mpaka kesho jioni. Nimeufunga kwenye keria kwa waya, kamba na mkanda wa suruali. Baiskeli haipiti tena mlangoni, imelala nje.

Fundi alipita akauona, akasimama. Akasema mchana darajani kuna upepo mkali. Mke wangu naye akasema hivyo hivyo, kutoka dirishani, bila kuulizwa. Wamepanga maneno.

Nimetoka sasa hivi kuupima. Kweli, umeanza kuvuma. Vizuri sana. Utatusukuma.